Mkunga anaadimika duniani, ningu na kamongo wa Mto Mara nao je?

KILO moja ya vifaranga vya mkunga, visamaki vyembamba vinavyopitisha mwanga kama kioo na visivyofikia nusu gramu kila kimoja, imewahi kununuliwa kwa zaidi ya dola 4,400 katika jimbo la Maine nchini Marekani. Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh11 milioni. Mfugaji wa Tarime anayeuza dume lake mnadani kwa Sh1 milioni atalazimika kuswaga madume kumi na moja ili alingane na ndoo moja ndogo ya visamaki hivyo.

Habari za bei ya namna hii husafiri haraka. Wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka jinsi mabondo ya sangara, ambayo zamani yalitupwa pamoja na matumbo, yalivyogeuka kuwa bidhaa inayogombaniwa mialoni baada ya wanunuzi wa China kuyafuata. Kwa hiyo si ajabu mtu akiuliza iwapo mkunga naye hawezi kuvuliwa katika Mto Mara, au kufugwa katika mabwawa ya Mugumu na Nyamongo, ili na sisi tupate dola.

Jibu la swali la kwanza ni fupi: Mto Mara hauna mkunga. Jibu la swali la pili ni refu kidogo, na ndani yake kuna mambo yanayomhusu moja kwa moja mvuvi wa kamongo wa Bisarwi, mchuuzi wa Sirari na mkulima anayetamani kulima ndani ya tindiga.

Samaki anayezaa baharini

Mkunga anayezungumzwa hapa ni yule anayeishi kwenye mito na maziwa lakini huzaa baharini. Akikomaa, hushuka na maji hadi bahari kuu, huzaa mara moja tu na kufa. Mayai huanguliwa, vitoto huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa miezi mingi, na vikifika karibu na pwani hugeuka vifaranga vinavyopanda mito. Huko hukaa miaka mingi, wengine hata zaidi ya ishirini, kabla ya kurudi baharini.

Mkunga wa Ulaya huzaa katika Bahari ya Sargasso, upande wa pili wa Atlantiki. Mtafiti wa Denmark, Johannes Schmidt, ndiye aliyetangaza jambo hilo mwaka 1922 baada ya kufuatilia vitoto vya samaki huyo kwa meli kwa miaka mingi. Sisi Afrika Mashariki tunao mkunga wa aina nne, nao huingia katika mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi: Pangani, Ruvu, Rufiji na Ruvuma kwa upande wa Tanzania, Tana na Sabaki kwa upande wa Kenya.

Maji ya Mto Mara yanakwenda kwingine. Yanatoka katika milima ya Mau nchini Kenya, yanapita Maasai Mara na kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, yanatenganisha Wilaya za Tarime na Serengeti, yanatuama katika tindiga kubwa la mafunjo, kisha yanapita chini ya Daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Kutoka hapo ni Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Mkunga wa Ulaya hufika Misri na huvuliwa katika maziwa ya delta ya Nile, lakini kutoka huko hadi Tarime kuna maelfu ya kilometa pamoja na maporomoko kama ya Murchison nchini Uganda. Hajawahi kuyapanda. Yupo samaki mdogo mwenye miiba mgongoni anayeishi kwenye mawe ya Ziwa Victoria na umbo lake hufanana na mkunga, ila huyo ni ukoo mwingine kabisa. Na kamongo, ambaye wageni wengi humwita mkunga wakimwona mwaloni, naye ni wa ukoo mwingine. Ana mapafu na huvuta hewa.

Ulaya na Japani: kutoka wingi hadi uhaba

Nchi zilizokuwa na mkunga wengi zaidi ndizo zinazolia leo. Katika pwani ya Ufaransa na Hispania vifaranga vya mkunga vilikuwa vingi kiasi kwamba wazee wa huko husimulia jinsi walivyowalisha nguruwe na kuku. Kuanzia mwaka 1980 hivi idadi ya vifaranga vinavyofika pwani za Ulaya ilianza kuporomoka. Baraza la kimataifa linaloshauri nchi za Ulaya kuhusu uvuvi, ICES, linaonyesha kwamba vifaranga vinavyofika eneo la Bahari ya Kaskazini sasa ni karibu asilimia moja tu ya vilivyokuwa vikifika miaka ya 1960 na 1970. Kwingineko Ulaya hali ni afadhali kidogo, lakini bado haifiki asilimia kumi kwa miaka mingi.

Mvuo wa mkunga wakubwa nao uliteremka. Katika miaka ya 1960 nchi zenye mkunga wa Ulaya zilikuwa zikivua jumla ya takribani tani 20,000 kwa mwaka katika miaka mizuri. Miaka ya karibuni hazifikii tani 4,000.

Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2007. Kila nchi mwanachama ilitakiwa iwe na mpango wa kuhakikisha kwamba katika kila mkunga kumi wakubwa ambao wangeshuka baharini kama binadamu asingewagusa, angalau wanne wanafika. Ireland ilifunga kabisa uvuvi wa kibiashara wa mkunga mwaka 2009. Mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya mkunga wa Ulaya iliwekwa chini ya mkataba wa CITES, ule ule unaosimamia pembe za ndovu, na kuanzia Desemba 2010 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kupeleka samaki huyo nje ya mipaka yake. Tangu mwaka 2021 ushauri wa ICES umekuwa ni kutovua mkunga hata mmoja, wa umri wowote, mahali popote.

Hispania ilitoa dawa ya kibiashara inayofurahisha kidogo. Vifaranga vya mkunga ni chakula cha sikukuu ya Krismasi huko. Bei ilipopanda hadi mamia ya euro kwa kilo, na mnada wa kwanza wa msimu kuvuka euro 1,000, kampuni moja ya Wabaski ilianza miaka ya 1990 kuuza vifaranga bandia vilivyotengenezwa kwa samaki mweupe aliyesagwa, vikiwekewa na mstari mweusi mgongoni ili vifanane. Leo familia nyingi za Hispania hula hivyo bandia, na watoto wao huenda hawajaonja vya kweli.

Japani ndiyo nchi inayompenda mkunga kuliko nyingine. Huchomwa kwa mkaa na mchuzi mtamu, na kuna siku maalumu katika joto la Julai ambapo kila mtu humtafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wavuvi wa Japani walipata zaidi ya tani 3,000 za mkunga wakubwa kwa mwaka kutoka mito na maziwa yao. Miaka ya karibuni hawafikishi tani 100. Vifaranga walivyovua vilizidi tani 200 katika miaka mizuri ya mwanzoni mwa 1960. Mwaka 2019 vilikuwa chini ya tani nne. Serikali yao ilimtaja mkunga huyo kuwa yuko hatarini kutoweka mwaka 2013.

New Zealand ilikwenda njia nyingine. Uvuvi wa kibiashara wa mkunga ulikua ghafla huko miaka ya 1960, ukafikisha zaidi ya tani 2,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, kisha ukaanza kushuka. Serikali ikaweka mgawo, kisiwa cha kusini mwaka 2000 na cha kaskazini mwaka 2004. Mvuo sasa ni tani mia chache tu, lakini uvuvi upo na watu wanaishi kwao.

Ufugaji usio ufugaji

Msomaji atauliza: kama Wajapani na Wachina wanakula mkunga kiasi hicho na mito imekauka samaki, hao wanaoliwa wanatoka wapi? Wanatoka mabwawani. Mkunga wengi mno wanaouzwa duniani leo wamefugwa, na China inaongoza kwa mbali.

Hapa ndipo penye mtego, na nataka tukae hapo kidogo kwa sababu neno "ufugaji" limekuwa likitumika kama jibu la kila swali kuhusu samaki. Mfugaji wa kuku hununua vifaranga vilivyoanguliwa na kuku wa mfugaji mwingine. Mfugaji wa mkunga hununua vifaranga vilivyovuliwa mtoni. Hakuna nchi inayozalisha vifaranga vya mkunga kwa wingi wa kibiashara. Watafiti wa Japani walifanikiwa mwaka 2010 kukamilisha mzunguko mzima wa maisha ya mkunga ndani ya matangi, yaani mkunga aliyezaliwa kituoni naye akazaa kituoni, lakini gharama ya kifaranga wa namna hiyo imebaki kuwa kubwa kuliko ya aliyevuliwa. Kwa lugha ya uchumi, huo ni unenepeshaji, sawa na mtu anayenunua ndama porini akawanenepesha zizini. Zizi linaweza kuwa la kisasa kiasi gani, lakini ndama wakiisha porini na zizi limekwisha.

Mabwawa hayo hayakuipunguzia mito mzigo wowote. Yaliuongeza. Mkunga wa Japani walipopungua, wanunuzi wa Asia walihamia kwa mkunga wa Ulaya katika miaka ya 1990. Ulaya ilipofunga mlango Desemba 2010, wakahamia Marekani.

Ndiyo maana ya bei ya Maine niliyoanza nayo. Mwaka 2010 mvuvi wa huko aliuza ratili moja ya vifaranga, yaani karibu nusu kilo, kwa wastani wa dola 185. Mwaka 2012 ratili hiyohiyo ilikuwa karibu dola 1,870, mara kumi. Katikati yake kulikuwa na kufungwa kwa soko la Ulaya, mvuo hafifu Asia, na tetemeko na tsunami ya Japani ya Machi 2011. Mvuvi wa Maine hakuwa amefanya lolote jipya.

Jimbo hilo lilichukua hatua haraka. Leseni zilibaki mia chache, jimbo zima likapewa mgawo wa ratili 9,688 kwa msimu kuanzia mwaka 2015, na kila mvuvi akapewa kadi ya kutelezesha kwenye mashine ya mnunuzi kila anapouza, kama kadi ya benki, ili akifikisha mgawo wake mashine imkatae. Hata hivyo, mwaka 2018, bei ilipokuwa zaidi ya dola 2,300, msimu ulifungwa majuma mawili kabla ya wakati baada ya kugundulika wanunuzi waliokuwa wakilipa taslimu nje ya mashine. Kanada, ambako usimamizi ulikuwa legelege zaidi, ilikumbwa na vurugu kwenye kingo za mito. Uvuvi ulifungwa katikati ya msimu mwaka 2023, na mwaka 2024 haukufunguliwa kabisa. Huko Ulaya nako polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, waliwahi kukadiria kwamba vifaranga hadi tani 100 vilitoroshwa kwenda Asia katika mwaka mmoja, vingine ndani ya masanduku ya nguo ya abiria wa ndege.

Na bei ya juu haina uaminifu. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipovuruga usafiri, ratili iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya dola 2,000 iliuzwa kwa dola 525. Aliyekopa kununua boti kwa kutegemea bei ya mwaka uliotangulia aliumia.

Ningu aliyekuwa anajaza mito yetu

Sasa turudi Mara. Hatuna mkunga, lakini tunaye samaki mwenye tabia inayofanana na ya kwake kwa namna moja kubwa: lazima asafiri ili azae. Huyo ni ningu. Tofauti ni kwamba mkunga hushuka baharini, wakati ningu huishi ziwani na kupanda mito wakati wa mvua, maji yanapofurika na kufunika nyasi za kingo.

Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Samaki anayepita njia moja, kwa wakati mmoja, akiwa amejaa mayai, hahitaji kutafutwa. Wazee walimvua kwa migono na uzio wa fito mtoni, na wengi walipita. Nyavu za makila zilipoingia katika Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20, zilianza kutegwa midomoni mwa mito kuwangojea. Utafiti uliofanywa na Michael Graham kwa ajili ya serikali za kikoloni mwaka 1927 na 1928 ulikwisha kuonyesha kupungua kwa mvuo kwa wavu mmoja katika ziwa hilo. Kufikia mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr alichapisha maelezo ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, pamoja na kufifia kwa mbinu za asili za kumvua katika Mto Nzoia upande wa Kenya. Angalia miaka hiyo: sangara alikuwa ndiyo kwanza amepandikizwa ziwani, wala hakuwa ameenea. Ningu alikwisha kumalizwa na nyavu kabla ya sangara kulaumiwa.

Bado yupo. Mto Mara ni miongoni mwa mito anakopatikana hadi leo, na inasaidia kwamba sehemu ndefu ya mto huo imo ndani ya hifadhi ambako uvuvi hauruhusiwi. Lakini kufika huko akitokea ziwani anapaswa kwanza kupita Kirumi na tindiga zima, na nyavu zake zote.

Kamongo na tindiga lake

Kamongo ana habari nyingine. Hahami mbali. Huzaa ndani ya tindiga, katika kiota anachochimba kwenye matope na mizizi ya mafunjo, na dume hukaa hapo kulinda mayai na watoto. Mvuvi anayejua viota humpata dume huyo kwa urahisi kabisa. Akishaondolewa, watoto ni kitoweo cha kambare na ndege.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu kamongo wa Ziwa Victoria, ambao sehemu kubwa ya takwimu zake zilitoka Ghuba ya Mwanza, ulionyesha kwamba samaki huyo alipungua sana kuanzia miaka ya 1970 hadi kuelekea 1990. Watafiti walitaja mambo mawili yanayokwenda pamoja: matindiga kugeuzwa mashamba, na uvuvi unaoondoa madume wanaolinda viota.

Hapo Mto Mara una bahati ambayo wengine hawana. Tangu miaka ya 1970 tindiga lake limepanuka badala ya kupungua, kwa sababu udongo unaosombwa kutoka juu, Kenya na kwetu pia, umekuwa ukijaza bonde karibu na ziwa na maji yakatanda. Wakulima waliopoteza mashamba kwa mafuriko hawaiiti bahati, na wana haki. Ila kwa kamongo na kambare yalikuwa makazi mapya. Ndiyo maana samaki hao bado hutoka Bisarwi upande wa Tarime na vijiji vya Serengeti vilivyo kandokando ya mto, hubanikwa kwa moshi, hupakiwa kwenye matenga na kuuzwa minadani, kwa wachimbaji wa Nyamongo na kwa wateja wa ng'ambo ya Sirari, ambako Wajaluo humthamini kamongo kuliko samaki wengi.

Kwa Wilaya za Tarime na Serengeti tindiga hili ni muhimu kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Serengeti haipakani na ziwa. Tarime nayo, tangu Rorya ilipokatwa na kuwa wilaya mwaka 2007, mialo yake ya ziwani ilikwenda huko. Samaki wa mto na tindiga ndio wa kwao.

Machi 2022 ilionyesha jinsi riziki hiyo ilivyo nyepesi. Maji karibu na Daraja la Kirumi yaligeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Wananchi walizuiwa kwa muda kutumia maji na samaki wa eneo hilo. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba hewa ya oksijeni iliisha majini kutokana na mimea iliyooza pamoja na kinyesi cha mifugo mingi iliyokuwa ikichungwa ndani ya tindiga. Maelezo hayo yalipingwa na watu wengi, na mjadala wake ulifika bungeni na magazetini. Vyovyote iwavyo, mchuuzi aliyekuwa na matenga yake siku hiyo hakulipwa na mtu. Hata Ireland ya Kaskazini, ambako wavuvi wa Ziwa Neagh wana ushirika wao wa mkunga tangu mwaka 1965 na hununua vifaranga kuvipandikiza ziwani, ushirika wa kupigiwa mfano, walijikuta mwaka 2023 ziwa limetanda mwani wa kijani wenye sumu kutokana na mbolea na uchafu wa mashambani. Mvuvi anaweza kusimamia wavu wake vizuri na bado akaumizwa na jirani wa juu.

Bei inavyomdanganya mvuvi

Tupige hesabu ya mfano, isiyo takwimu za mwalo wowote. Tuseme mvuvi mmoja alipata kilo 100 za kamongo kwa msimu, akauza Sh4,000 kila kilo. Mkononi ana Sh400,000. Miaka mitano baadaye anapata kilo 60, lakini bei imefika Sh8,000. Mkononi ana Sh480,000. Ataona biashara inakua. Akiulizwa na bwana samaki, atasema hali si mbaya.

Lakini mwaka wa kwanza alikuwa na ndoano 50 na alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Sasa ana ndoano 150, ananunua chambo mara tatu, na anarudi jioni. Akiondoa gharama hizo, na thamani ya shamba la mihogo ambalo halikupaliliwa, pato lake limeshuka. Na bei haiwezi kupanda daima. Mama wa Mugumu akiona kamongo amefika Sh12,000 atanunua dagaa, kama Mhispania alivyonunua mkunga wa bandia. Mkunga alipata bahati mbaya ya kuwa na mteja tajiri asiyejali bei, na mteja wa aina hiyo humaliza samaki kabisa. Kamongo hana mteja kama huyo, na nadhani ni heri.

Kipimo kinachosema kweli ni kilo kwa ndoano mia moja, au kilo kwa mgono mmoja kwa usiku mmoja. Daftari la shule la Sh1,000 linatosha: tarehe, ndoano ngapi, kilo ngapi, kamongo wangapi, kambare wangapi, ningu wangapi. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vimepewa kazi ya kutunza takwimu mialoni, lakini katika vijiji vya tindigani mara nyingi samaki huuzwa njiani kabla ya kufika popote. Wachuuzi wakikubali kupima kabla ya kulipa, takwimu zitapatikana, na wao wenyewe wataacha kupunjwa kwa kukadiria tenga kwa macho.

Kama ni kufuga, fuga kambare

Watafiti wa Uganda katika kituo cha Kajjansi wamejaribu kufuga kamongo, na anakua vizuri. Havumilii tu kukaa na wenzake bila kuwatafuna. Tatizo lao ni lile lile la mkunga: vifaranga vilichotwa tindigani. Ningu ana matumaini zaidi. Uganda ilifanikiwa kumzalisha kwa kumchoma homoni, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, na watafiti wa Kenya nao wameendelea na kazi hiyo. Lakini kwa mfugaji wa kawaida wa Tarime kuanza na ningu leo ni mapema.

Kambare ndiye samaki wa kuanza naye. Jike moja la kilo moja lililokomaa laweza kutoa mayai makumi ya maelfu, yanayoanguliwa kwa siku moja hadi mbili maji yakiwa na joto la kutosha. Anavumilia maji yenye hewa kidogo, anakula mabaki mengi ya shambani yakichanganywa na dagaa na pumba, na soko lake lina matawi mawili: wakubwa kwa kitoweo, na wadogo kwa chambo cha ndoano za sangara huko ziwani. Soko hilo la pili halitajwi sana na maofisa, ingawa maelfu ya ndoano hutegwa kila usiku na kila ndoano inataka chambo hai. Wengi wa kambare wadogo hao huzolewa matindigani. Kijana mwenye bwawa, maji ya kudumu na mafunzo ya kuangua anaweza kuuza kwa wavuvi wa Rorya na Musoma na kupunguza uzoaji huo.

Anayenunua vifaranga vya kambare kwa ajili ya bwawa aulize swali moja kabla ya kulipa: vimeanguliwa wapi? Vya kituoni huwa na umri mmoja na ukubwa unaokaribiana. Vilivyozolewa tindigani huja vikubwa kwa vidogo, na katika majuma matatu vikubwa vitakuwa vimekula vidogo na hesabu yako ya vifaranga elfu moja itakuwa mia mbili.

Kuhusu uvuvi wenyewe, kufunga msimu si jambo geni tena hapa nchini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mto Mara hauhitaji miezi mitatu. Ningu hupanda katika siku chache za mafuriko ya kwanza ya masika, na wavuvi wa Kirumi wanazijua siku hizo kuliko mtaalamu yeyote. Nyavu za midomoni zikiondolewa majuma mawili tu baada ya maji kuanza kupanda, mwezi Machi au Aprili, hasara ya mvuvi inaweza kuhesabiwa na kujadiliwa. Siku ya Mara, ambayo Kenya na Tanzania huadhimisha pamoja kila Septemba 15, huwa na hotuba nyingi kuhusu miti na nyumbu. Ni miezi sita kabla ya masika, muda wa kutosha kwa BMU za pande zote za tindiga kukutana na kupanga tarehe.